Baridi ya Kushuka: Mavazi Nafuu ya Mwendesha Baiskeli wa Mau Narok

Anayetaka kuelewa kwa nini ushauri mwingi kuhusu mavazi ya baiskeli ya wakati wa baridi haumfai mtu wa Mau Narok, na aanze na urefu wa mahali. Jiji la Nakuru, Kenya, liko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Njoro iko karibu mita 2,170. Kutoka hapo barabara inapita Chuo Kikuu cha Egerton, inapanda Likia, na baada ya zaidi ya kilomita 30 unajikuta Mau Narok, katikati ya mashamba ya ngano, shayiri na viazi yaliyo juu ya mita 2,700. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo aliyeondoka Nakuru na shati lake anafika juu penye hewa iliyopungua nyuzi tano au sita, na hapo hujahesabu ukungu, upepo wala saa ya siku.

Ushauri wa Ulaya ulitungiwa mtu mwingine kabisa. Mwendesha baiskeli wa London au Amsterdam ana baridi ya miezi. Inaingia Novemba, inaondoka Machi, na siku ikiwa ya nyuzi 4 basi ni nyuzi 4 tangu atoke mlangoni mpaka arudi. Anavaa mara moja. Barabara yake haina milima ya kutisha, mwendo wake haubadiliki sana, na jasho lake analijua. Mtu kama huyo ukimwambia anunue jaketi moja zito la euro 150, litamfaa msimu mzima. Mau Narok baridi huja kwa mwinuko na kwa saa. Safari moja ina hali mbili za hewa, ya kupanda na ya kushuka, na kila moja inadai nguo zake. Nguo bora ya huku ni ile inayovuliwa upesi, ikakunjwa, ikaingia mfukoni mwa nyuma wa jezi, na ikavaliwa tena kileleni bila kushuka kwenye baiskeli kwa zaidi ya dakika moja. Bahati nzuri, nguo za namna hiyo ndizo rahisi kuliko zote.

Hata ukisema "baridi ya Mau Narok" bado hujasema ni ipi. Kuna baridi kavu ya Januari na Februari, mbingu ikiwa wazi usiku kucha na joto la ardhi likapotelea angani, mpaka alfajiri mkulima akakuta sakitu imekaa juu ya majani ya viazi. Baridi hii huuma vidole na masikio kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, kisha inaisha. Kufikia saa nne jua linachoma, na linachoma kuliko la Nakuru, kwa sababu miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 za kupanda. Halafu kuna baridi ya maji ya Juni, Julai na Agosti. Hiyo haishuki sana kwenye kipimajoto, lakini ina ukungu, manyunyu na lami iliyolowa tangu asubuhi hadi jioni. Anayevaa kwa ajili ya Januari atateseka Julai. Kati ya hizo mbili, ya Julai ndiyo hatari zaidi, ingawa wengi huogopa ile ya Januari kwa sababu inaonekana kwa macho.

Kupanda hakumtii mtu baridi. Ukipanda Likia kwa kilomita 10 au 12 kwa saa, mwili unatoa joto kama jiko na upepo wa mwendo wako ni mdogo mno kulipeperusha. Hatari iko kurudi. Unageuza baiskeli juu huko fulana ikiwa imelowa jasho, miguu inaacha kufanya kazi kwa sababu mteremko unakubeba, na ghafla upepo wa kilomita 40 kwa saa unapita katikati ya kifua. Kanuni ya kukadiria ubaridi wa upepo, ile ambayo Kanada na Marekani zimeitumia tangu mwaka 2001, inaonyesha kwamba hewa ya nyuzi 8 kwenye mwendo huo huhisiwa na ngozi kama nyuzi 3 hivi. Na hiyo ni ngozi kavu. Maji husafirisha joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo fulana iliyolowa inakupoza haraka kuliko iliyo kavu.

Ushahidi wa jambo hili uko kwenye historia ya mchezo wenyewe. Tarehe 5 Juni 1988 mashindano ya Giro d'Italia yalipita mlima Gavia, Italia, theluji ikianguka. Mlima huo una mita 2,600 na ushei. Mashamba ya Mau Narok yako juu kuliko huo. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza akiwa na mikono mifupi. Alianza kushuka, akashindwa, akajificha garini kupata joto, na mwishowe akamaliza akiwa amechelewa zaidi ya dakika 40. Mmarekani Andy Hampsten alikuwa na glavu nzito na nguo ambazo timu yake ilizikimbilia duka la vifaa vya kuteleza kwenye theluji. Siku hiyo alichukua jezi ya waridi ya anayeongoza, na hatimaye akashinda Giro nzima. Nguo hizo za dukani hazikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Wasimamizi wake waliona mapema kwamba shindano lingeamuliwa kwenye kushuka, wakaenda dukani.

Basi mnunuzi wa Mau Narok aende soko gani? Ana maduka manne, na hakuna linalojiita la baiskeli: mitumba, agrovet, duka la spea za bodaboda, na cherehani ya fundi.

Mitumba kwanza. Tangu biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, marobota yanayotua Mombasa yamekuwa kabati la nguo la nchi hii, na nguo nzito hutafuta njia yake hadi kwenye nyanda za juu, kwa kuwa Mombasa hazina mnunuzi. Serikali ilizuia uingizaji wake kwa miezi kadhaa mwaka 2020 wakati wa korona. Kabla ya hapo, mwaka 2016, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuziondoa kabisa kufikia 2019. Rwanda ndiyo iliyoshikilia msimamo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nguo zake nafuu ya ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika. Kenya ilirudi nyuma. Una haki ya kulalamika kwamba mitumba imeviua viwanda vyetu, na kuna ukweli mwingi ndani yake. Lakini mwendesha baiskeli wa Njoro anayetafuta sufu safi ya kondoo hana pengine pa kuipata kwa shilingi 200 au 300. Mchezo wenyewe hapa nchini umelelewa na vitu vya kutupwa: karakana ya mwendesha baiskeli David Kinjah kule Kikuyu, ambako bingwa Chris Froome alijifunza akiwa kijana, ilisimama kwa baiskeli na spea ambazo wengine walishamaliza nazo.

Kuna kichekesho cha historia katika sufu hiyo. Mwanzoni mwa karne iliyopita mlowezi Mwingereza Lord Delamere aliletewa Njoro kondoo majike 500 wa merino kutoka New Zealand, akiamini nyanda hizi zitakuwa nchi ya sufu. Wengi wao walikufa upesi. Leo sufu ya kondoo wa aina ile ile inafika Njoro ikiwa sweta iliyovaliwa miaka mitano Ulaya, na inauzwa chini juu ya turubai. Muda mrefu kabla ya Delamere, Waogiek wa msitu wa Mau walikuwa wamelimaliza tatizo la baridi kwa mavazi ya ngozi za perere.

Kuchagua nguo kwenye rundo ni kazi ya mikono zaidi ya macho. Rangi ipuuze. Geuza nguo ndani nje, tafuta kitambulisho cha kitambaa kwenye mshono wa ubavu. Kama kimekatwa, na mara nyingi kimekatwa, vuta uzi mmoja kutoka ndani ya pindo na uuchome kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, ni polista, akriliki au nailoni. Ukiwaka kama karatasi, ni pamba. Rudisha nguo kwenye rundo. Kwa jaketi kuna kipimo kingine. Bana kitambaa mdomoni na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita kirahisi, upepo wa Likia nao utapita. Muuzaji atakutazama kwa mashaka, lakini hawezi kukukataza kupuliza. Akikuita kastoma na kukuonyesha kamera, yaani zile za kwanza zilizochaguliwa robota lilipofunguliwa, mshukuru kisha uende kwenye fagia, yaani mabaki ya mwisho, ya shilingi 50 au 100. Kamera huchaguliwa kwa fasheni, na sweta ya sufu yenye tundu kwenye kiwiko haina fasheni.

Pamba ndiyo adui niliyemtaja kwa kupita tu, na inastahili maneno makali. Fulana ya pamba, hudi ya pamba na jinzi ndizo nguo ambazo karibu kila kijana tayari anazo, kwa hiyo zinaonekana kuwa bure. Pamba hunywa jasho, huling'ang'ania, na haikauki kwenye ukungu. Sufu huweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kulowa, na hata ikilowa bado ina joto kidogo. Polista hainywi maji karibu kabisa. Jasho hupita likaenda nje. Maana yake ni kwamba jezi ya mpira ya polista, ile ya timu iliyoshushwa daraja ambayo hakuna anayeitaka, ni fulana ya ndani bora kuliko fulana mpya ya pamba ya bei mara tatu. Sweta ya shule ya akriliki ambayo mtu aliacha kuivaa mwaka aliomaliza kidato cha nne ni tabaka la pili zuri kabisa. Haipendezi, na hakuna atakayeiona.

Tabaka la tatu, la kuzuia upepo, ndilo linalogawa watu. Wengi hukimbilia koti la mvua la nailoni nzito, lile la agrovet ambalo wakulima huvaa wakipuliza dawa. Linazuia maji, hilo halina ubishi. Lakini pia linazuia jasho kutoka, na baada ya nusu saa ya kupanda ndani yake umelowa sawa na aliye nje kwenye mvua. Koti hilo ni la kushukia tu. Vitambaa vya kisasa vinavyopitisha mvuke na kuzuia matone, kama Gore-Tex iliyovumbuliwa mwaka 1969, vinapatikana mitumbani mara moja moja, lakini uwe na habari: utando wake ukichakaa na mishono ikifunguka, unalipia jina tu.

Jibu langu ni kizibao. Mwili wa mwendesha baiskeli hupigwa na upepo mbele. Mgongo hauhitaji kinga, unahitaji kupumua. Chukua reflekta ya bodaboda, kile kizibao cha wavu chenye mikanda inayong'aa. Tafuta mwavuli uliovunjika mbavu. Kitambaa chake ni chepesi, kimefumwa kwa kubana, na hakina kazi tena. Mpelekee fundi.

"Mama, naomba uniwekee hii ya mwavuli kwa ndani, mbele tu. Nyuma acha wavu kama ulivyo."

"Mbele tu? Kijana wangu, na mvua ikikupiga mgongoni?"

"Mgongo utalowa jasho hata hivyo, mama. Kifua ndicho kinachoniua nikishuka."

Atacheka, atakata vipande viwili kwa kufuata reflekta yenyewe, atashona ukingo mara mbili, na huenda akakuuliza kama unataka zipu ya sketi kuukuu aliyonayo kwenye kopo. Mwambie ndiyo. Zipu ni bora kuliko velkro, kwa sababu unaweza kuifungua nusu kwa mkono mmoja ukiwa unapanda. Kitu hicho kikikunjwa hakizidi ukubwa wa ngumi, kinazuia upepo pale unapoumiza, na dereva wa lori anakiona kwenye ukungu. Sijaona kizibao cha baiskeli cha dukani, cha bei yoyote, kinachofanya hayo yote matatu vizuri zaidi. Labda cha dukani kinakaa mwilini vizuri zaidi.

Na ukikamatwa kileleni bila kizibao, kuna gazeti. Waendeshaji wa Tour de France wamekuwa wakipokea magazeti kutoka kwa mashabiki kwenye vilele na kuyasokomeza chini ya jezi tangu zamani, na gazeti la Taifa Leo lililosomwa kibandani hufanya kazi hiyo hiyo. Karatasi nne tano zilizokunjwa, kati ya jezi na sweta, zinatosha kukufikisha Njoro. Baada ya hapo hazisomeki.

Mikono inataka nafasi yake peke yake, kwa kuwa mkono uliokufa ganzi haushiki breki. Miguu ikipoa unaumia. Vidole vya mkono vikipoa unaweza kuingia chini ya lori la viazi linalopunguza mwendo mbele yako kwenye kona. Mwezi Aprili 1980 Bernard Hinault alishinda mashindano ya Liège–Bastogne–Liège katika theluji, na vidole vyake viwili havikurudi kuwa sawa baada ya siku ile. Yeye alikuwa bingwa mkubwa kuliko wote wa zama zake na timu nzima ilikuwa nyuma yake.

Glavu maalumu za baridi ni ghali, na zikilowa zote zinafanana. Hapa ndipo agrovet inapowashinda wenye maduka ya michezo. Vaa glavu nyembamba ya sufu au akriliki ndani, kisha juu yake glavu ya mpira ya kukamulia au ya kuoshea vyombo, saizi moja kubwa kuliko ya kawaida yako. Mpira unazuia upepo na mvua kabisa. Ya ndani inatunza joto. Jasho la kiganja litabaki humo, ndiyo, lakini kwa saa moja ya kushuka halitakudhuru. Hakikisha unaweza kukunja vidole bila kusikia ubanaji, maana glavu inayobana inafukuza damu, na bila damu hakuna joto. Kisha kuna wale wanaojua jambo hili kuliko sisi sote: waendesha bodaboda. Mifuko minene wanayoifunga kwenye usukani, ambayo unaingiza mkono mzima ndani na kushika breki humo humo, inashinda glavu yoyote. Kwenye baiskeli yenye usukani ulionyooka inaingia bila shida. Kwenye baiskeli ya mashindano yenye usukani uliopinda chini, fundi itabidi akushonee yako, na utachekwa. Wachekao watakuwa wanapuliza vidole.

Miguu ni hadithi fupi. Soksi ya sufu moja, si mbili, kwa sababu mbili zinajaza kiatu na kubana damu. Juu yake mfuko wa nailoni, kisha kiatu. Hila hii ya mfuko ni ya zamani duniani kote, ila hapa Kenya mifuko ya nailoni ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo usimtafute muuzaji wa kukupa. Mfuko wa mkate ungali halali kama kifungashio cha kiwandani, na umbo lake jembamba refu linaufaa mguu kana kwamba lilikusudiwa. Kukiwa kukavu, hata mfuko hauhitajiki. Kata ncha ya soksi kuukuu nene na uivalishe pua ya kiatu kwa nje, ufunike matundu ya hewa. Gambuti mwachie anayesukuma baiskeli ya mzigo.

Mikono ya juu inatatuliwa na soksi ndefu za kuchezea mpira. Kata sehemu ya nyayo, na sasa una mikono ya kuvaa na kuvua. Kwa magoti, kata mikono ya sweta iliyopasuka kifuani. Goti lina ngozi na mshipa tu juu ya mfupa, halina nyama ya kulitunzia joto, na wazee wa mchezo wanalifunika mapema kuliko kitu kingine chochote. Kichwani boshori jembamba chini ya helmeti, linalofunika masikio; likiwa nene, helmeti inakaa juu juu na haitakusaidia ukianguka. Machoni miwani myeupe ya usalama kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Itashika ukungu ukisimama, ila ukishuka upepo wenyewe unaifuta.

Kuna vitu ambavyo sishauri mtu avitafute mitumbani wala kuviunda. Kaptura yenye pedi ya kukalia nunua mpya, hata kama ni moja tu na unaifua kila jioni. Pedi iliyokwisha kulainishwa na makalio ya mtu mwingine inaleta majipu. Helmeti ya mtumba nayo huwezi kujua iliwahi kuanguka wapi, na ufa wa ndani hauonekani. Na mipira ya breki. Ajabu ni kwamba watu huhesabu sweta na glavu kama gharama za baridi na kuisahau mipira ya breki, wakati lami iliyolowa na mchanga wa mashambani unaoburutwa na magurudumu ya matrekta huila haraka mno Julai. Breki za rimu zikilowa hazikamati papo hapo. Lazima zikaushe rimu kwanza kwa mzunguko mmoja au miwili ya gurudumu, na kwenye mteremko hiyo ni mita nyingi. Shikilia breki kidogo kidogo mapema kabla ya kona. Bei ya mipira mipya ni ndogo.

Baiskeli yenyewe nayo inavaa. Madigadi ni vazi la mvua kuliko koti, kwa kuwa maji mengi yanayomlowesha mwendeshaji yanatoka chini, kwenye gurudumu la nyuma, yakipanda moja kwa moja hadi kiunoni. Baiskeli za mashindano zinauzwa bila madigadi kwa sababu za umaridadi. Kipande kilichokatwa kwenye jerikeni kuukuu la lita 20, kikatobolewa matundu manne na kufungwa kwa waya chini ya kiti, kinarekebisha umaridadi huo kwa robo saa. Ukibandika juu yake utepe wa kung'aa wa malori, unaouzwa kwa vipande kwenye maduka ya spea, umeongeza taa isiyohitaji betri. Taa nyekundu ya nyuma bado ni lazima, na iwake mchana pia. Ukungu wa Mau Narok hauchagui saa.

Mpaka hapa nimesema juu ya anayeendesha kwa ajili ya mazoezi. Barabara hiyo hiyo ina watu wengine ambao wamekuwa wakiendesha kwenye baridi miaka mingi bila kuambiwa kitu na mtu: mbeba maziwa mwenye baiskeli aina ya Black Mamba na madebe mawili, anayetoka gizani, na anayebeba gunia la viazi au kabichi hadi kituoni. Mtu wa namna hiyo anasukuma kwenye mlima na kushuka polepole kwa sababu ya mzigo. Upepo wake ni mdogo, jasho lake ni jingi, na safari yake ni fupi. Ndiyo maana koti kubwa la sufu lililofunguliwa vifungo, gambuti na boshori vinamtosha, na baiskeli yake ina madigadi ya chuma na dainamo tangu ilipotoka kiwandani. Kijana mwenye baiskeli ya kaboni humwona kama mtu aliyechelewa na wakati. Ukivitazama kimoja kimoja alivyovaa na anachoendesha, utaona ndiye pekee barabarani ambaye vyote vinaendana na hali ya hewa na kazi yake. Kinachomkosesha usalama ni kutoonekana: koti jeusi, saa kumi na moja alfajiri. Reflekta moja ingemfaa kuliko mavazi yote niliyoyaeleza, na vyama vya ushirika vya maziwa vinavyopokea madebe yake asubuhi vingeweza kumpa bila kutikisika.

Kwa mwenye shilingi elfu mbili za kuanzia, basi, mpangilio wangu ungekuwa huu: mipira ya breki na taa ya nyuma kwanza, glavu za tabaka mbili pili, kizibao cha mwavuli tatu, na mwisho sweta ya sufu kutoka kwenye fagia, kwa sababu hiyo unaweza kuisubiri mpaka itokee. Aliye na elfu ishirini nisingempa orodha tofauti sana. Ningemwambia anunue kaptura mbili badala ya moja.

Na kuna kiwango cha mvua ambacho hakuna vazi la bei nafuu linalokiweza, wala la ghali. Mvua ya Agosti ikishika kwa saa mbili, glavu ya mpira inajaa maji kutoka juu, mfuko wa mkate unageuka kuwa beseni, na mwili unaanza kutetemeka. Joto la ndani la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kuongea kama mlevi na kuamua mambo vibaya, mojawapo likiwa kuendelea kushuka. Kutetemeka kukikoma bila ya kupata joto, hali imezidi kuwa mbaya. Kwa hiyo katika mfuko ule ule wa kizibao weka noti ya shilingi 500 ndani ya kipande cha nailoni. Matatu za Mau Narok hubeba magunia juu ya keria. Baiskeli nayo inapanda, ukielewana na kondakta kabla haijafungwa kamba. Kaa karibu na injini, vua glavu, na umwambie dereva akushushe Njoro penye chai.